Nyumba ya zamani katikati ya Lubumbashi wanataka kuibomoa: ilijengwa lini?

#1 Mjukuu_wa_Mpishi

Jambo wote. Nina swali, na nina haraka nalo.

Katikati ya mji hapa Lubumbashi kuna nyumba ya matofali mekundu yenye barza pande tatu. Jina la avenyu sitalitaja, nisije nikawaharakisha wanaotaka kuibomoa. Barza ya mbele imezibwa kwa matofali ya sementi. Kuna mti wa jacaranda ambao mizizi yake imeinua ukuta wa parseli, yaani kiwanja. Mimi nimezaliwa nyuma ya nyumba hiyo, kwenye boyeri, kile chumba cha mtumishi. Nkambo wangu, yaani babu, alikuwa mpishi wa wazungu waliokaa humo, na wao walipoondoka yeye alibaki. Mama yangu alizaliwa pale, na mimi pale. Tulihama nikiwa na miaka 11.

Wiki iliyopita nimepita, nikaona mabati ya upande wa jikoni yameshatolewa. Mlinzi akaniambia familia yenye nyumba imepata mtu wa kujenga gorofa la maduka, kazi inaanza kabla ya mvua. Hesabuni wenyewe, Agosti hii inaisha.

Nkambo alikuwa anasema nyumba hii ilikuwepo "mbele ya treni". Hakueleza zaidi, na sisi tulikuwa watoto, hatukuuliza. Je, yawezekana? Na kuna njia yoyote ya kuiokoa?

#2 Treni_ya_Sakania

Pole dada. Kabla ya treni haiwezekani. Reli ilifika hapa kutoka kusini, kupitia Sakania, Septemba 1910, na mji wenyewe ulipimwa na kuanza mwaka huohuo, Wangermée akiwa ndiye mkubwa wa Katanga. Kabla ya hapo watu wa madini walikuwa kule kwenye mgodi wa Étoile, Kalukuluku. Hapa palikuwa pori na mto Lubumbashi.

Tofali ungeweza kulichoma hapahapa, udongo upo. Lakini bati, misumari, vioo na bawaba za milango vingekuja na nini? Nyumba za kwanza kabisa za Élisabethville, ndivyo Lubumbashi ilivyoitwa, zilikuwa za mbao na bati, zikishushwa kwenye behewa vipandevipande. Nyumba ya tofali yenye barza pande tatu naipa 1912 hadi 1920.

#3 Kariakoo_Kwetu

Naingia kutoka Dar, samahani kama sijaelewa. "Mbele ya treni" si maana yake nyumba inatazama reli? Huenda mzee alikuwa anaeleza mahali ilipo, wala hakuzungumzia mwaka.

#4 Mjukuu_wa_Mpishi

@Kariakoo_Kwetu, karibu kaka. Kwetu "mbele ya" ni "kabla ya". Mbele ya kula tunanawa mikono. Mbele ya kulala tunasali. Lakini umenifanya nifikiri, maana stesheni haiko mbali, ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Reli yenyewe haionekani kutoka barzani. Labda zamani, kabla ya majengo mengine, ilionekana.

#5 Muzee_wa_Kamalondo

Jambo bana. Mutoto Mjukuu, nkambo yako alianza kupika mwaka gani? Kama ni mu miaka ya 1940, mambo ya 1910 hakuyaona na macho, aliyasikia ku bakubwa.

Baba yangu alitumika ku BCK, kampuni ya reli. Mu nyumba yetu, mutu akisema "treni" bila kuongeza kitu, ni ile ya kupanda Ilebo, Port-Francqui ya zamani. Ile ya kusini ilikuwa "ya Sakania". Reli ya Ilebo ilimalizika 1928. Kwa ile, nkambo yako alisema mbele ya 1928. Njo vile miye naelewa.

Tena kitu kingine. Siye ba Kamalondo, wakati ile inaitwa Cité Albert, hatukuwa na ruhusa ya kulala mu mji ya bazungu. Katikati kulikuwa eneo wazi, banasema juu ya malaria, mbu isiruke kutoka kwetu ifike kwao. Boyi tu njo alilala kule, mu boyeri. Kwa hiyo nkambo yako aliona ule mji usiku. Siye hatukuuona.

#6 Treni_ya_Sakania

@Muzee_wa_Kamalondo, shikamoo baba. 1928 nakubali kama tafsiri, wala haipingani na yangu. Ila kuna treni ya tatu: ile ya Benguela, ya Angola, iliyoungana na Katanga 1931. Kuna familia ambazo kwao "treni" ni hiyo, kwa sababu ndiyo iliyoleta samaki wa chumvi wa Lobito.

#7 FundiTofali

Mtagombana na treni mpaka nyumba ianguke. Nyumba inaongea yenyewe ukijua pa kuigusa. Nimejenga na kukarabati miaka 26, Lubumbashi na Likasi. Dada, ukiweza kuingia, angalia haya.

Kwanza mota, ule udongo ulio kati ya tofali na tofali. Ikwaruze kwa ufunguo. Ikitoka unga mweupe laini, ni chokaa. Ufunguo ukiteleza, ni sementi. Pili, chini ya sakafu: kuna uwazi? Kuna vidirisha vya chuma kwenye msingi? Tatu, tofali lenyewe. Ya zamani hapa ni udongo wa kichuguu, vile vichuguu vikubwa vinavyopita urefu wa nyumba. Mchwa ameshauchambua udongo ule, hauna mawe. Ukichomwa unatoka mwekundu mzito, na yale yaliyokaa karibu na moto yanakuwa ya zambarau, magumu kama chuma. Gonga mawili pamoja: yakilia kama kengele, ni mazuri.

Msiguse mbele kulikozibwa. Yale ya sementi ni ya juzi.

#8 Mjukuu_wa_Mpishi

@FundiTofali, mengine nakujibu kwa kumbukumbu.

Uwazi chini ya sakafu upo. Nilikuwa naingia mwenyewe kutafuta mayai, kuku wetu walitaga kule. Ni giza, baridi, na mwanga unaingia kwenye vidirisha vya chuma vyenye mashimo ya duara, safu tatu za mashimo matano. Nilikuwa nayahesabu nikijificha. Ukiwa chini unasikia hatua za watu juu yako, na unajua nani ni nani kwa mlio wa mbao. Sebule ni mbao za mulombwa. Barza ni sementi nyekundu, tulikuwa tunaipiga nta kila Jumamosi kwa brosi ya mguu, mimi na dada yangu, kila mtu na brosi yake, kama tunacheza. Dari ni eterniti, karatasi kubwa za kijivu zenye vipande vya mbao kwenye maungio.

Chokaa au sementi sijui. Nitaenda.

#9 Kapata_Leo

Eterniti? Basi mmepata jibu. Eterniti ni ya baada ya vita ya 1940-45. Nyumba ni ya miaka ya 1950, mji ulipokuwa na pesa za shaba na kila mtu akajenga. Hadithi za treni ni za wazee.

#10 FundiTofali

@Kapata_Leo, hapana ndugu. Eterniti ilivumbuliwa Austria 1901, na Ubelgiji walikuwa na kiwanda chake tangu 1905. Dari inaweza kuwa ya wakati wowote baada ya hapo. Na dari inabadilishwa! Mimi mwenyewe nimeshatoa dari ya mbao nikaweka nyingine, nyumba ikabaki ileile.

Na kwa yeyote anayesoma hapa mwenye nyumba ya zamani: eterniti ile ina asbesto. Ikikaa bila kuguswa haina neno kubwa. Ukiivunja kwa nyundo au kuikata kavu, vumbi lake linaingia kwenye mapafu na linaleta kansa miaka mingi baadaye. Imwagieni maji kwanza, itoeni nzimanzima, vaeni barakoa ya kweli, siyo kitambaa. Vijana wanaobomoa mjini hawaambiwi. Nimeona wamepiga tambarare karatasi 40 kwa siku moja, wanakohoa na wanakula mkate palepale.

#11 Mama_Likasi

Asante fundi kwa hilo la eterniti.

Mimi nataka kusema juu ya chokaa, kwa kuwa tumelia nalo. Nyumba yetu Likasi, wakati ile Jadotville, ilikuwa ya tofali wazi, nje hakuna plasta. Baba alipostaafu akasema nayo iwe safi kama za wengine. Wakapiga plasta ya sementi kuta zote, nje na ndani, na rangi ya mafuta juu. Miaka minne ilikuwa inang'aa. Wa tano plasta ikaanza kuvimba chini, ukibonyeza inatoa sauti ya debe. Tulipoitoa, uso wa tofali ulitoka nayo, ndani limekuwa unga. Maji yalipanda kutoka ardhini, yakakosa pa kutokea. Tofali lililokaa bila shida tangu kabla baba hajazaliwa likaisha ndani ya miaka mitano.

Na chokaa tunayo hapahapa! Mawe ya Kakontwe yako pale karibu na Likasi.

#12 Ng'ambo_Unguja

Mama, hayo hata sisi yametukuta. Mji Mkongwe wote ni mawe na chokaa, na nyumba nyingi zimeuawa kwa sementi na watu waliotaka kuzitengeneza. Chokaa unaizimua kwa maji, unaiacha shimoni miezi, ikikaa zaidi ndiyo tamu zaidi. Inakauka polepole, ukuta unapumua. Mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000 na bado kila masika pana nyumba inaanguka, kwa hivyo msidhani orodha peke yake inashika paa.

Halafu hii "barza" yenu. Kwetu baraza ni lile benchi la mawe lililojengwa nje ya mlango, watu wakae, wanywe kahawa. Ninyi mmeikuza ikawa veranda nzima!

#13 Treni_ya_Sakania

@Ng'ambo_Unguja, neno lilitoka kwenu, Wabelgiji wakalichukua wakalisema "barza", nasi tukalipokea kutoka kwao likiwa limevaa viatu. Limezunguka.

#14 Mwana_Ruashi

Mimi swali langu ni lile ambalo hakuna aliyelijibu: kwa nini barza ya mbele ilizibwa? Ukipita mjini, nusu ya nyumba za namna hii zimezibwa mbele. Baba mdogo wangu anasema ni vita vya ONU, yaani askari wa Umoja wa Mataifa, Septemba na Desemba 1961. Makombora yalianguka mjini, watu wakaziba sehemu wazi.

#15 Kapata_Leo

Ni 1991. Askari walipopora mji, kila mwenye nyumba aliyebaki na kitu alijenga ukuta na kuweka vyuma madirishani. Kwetu tulifanya hivyo wiki ileile.

#16 Mama_Likasi

Si vita wala uporaji, ni kodi. Barza ukiiziba unapata vyumba viwili vya kupangisha. Mishahara ilipokufa miaka ya 90 watu walikula barza zao.

#17 Muzee_wa_Kamalondo

Miye nakumbuka barza zile ziko na nyavu ya mbu, nyavu ya shaba ama ya chuma, na mulango yake inajifunga yenyewe na springi. Nyavu ikioza, mutu anafanya nini? Kupata ingine ilikuwa nguvu. Baliziba na tofali. Hata mbele ya 1991 kulikuwa zenye zimezibwa, miye niliziona.

#18 Mjukuu_wa_Mpishi

Ya kwetu ilizibwa nikiwa na miaka kama 6, kwa hiyo vita vya ONU hapana. Lakini @Mwana_Ruashi, nguzo moja ya barza ya pembeni ina mashimo matatu yaliyojazwa sementi, makubwa kama ngumi. Nkambo alikuwa akipita anayagusa. Hakusema ni ya nini. Mama anasema risasi, mjomba anasema palifungwa kamba ya nguo.

#19 Mrithi_wa_Nane

Nimesoma yote kimya. Naomba nisikilizwe bila kutukanwa.

Sisi ni warithi wanane wa nyumba kama hiyo, mji huuhuu. Babu aliipata wakati wa zairianisation, Mobutu alipochukua mali za wageni na kuwapa wananchi, baada ya hotuba ile ya Novemba 1973. Tulipokua ilikuwa fahari. Leo paa linavuja sehemu tisa, mchwa amekula boriti za upande wa magharibi, kodi ya parseli inakuja kila mwaka, na ndugu watano kati ya wanane hawako hapa. Tulimwomba fundi atutengenezee paa tu, bei yake ingenunua parseli mbili pembezoni. Hakuna mtu wa kulinda majengo ya zamani aliyewahi kubisha mlango wetu na mfuko wa chokaa. Wanaokuja ni wanunuzi.

Msidhani anayeuza haipendi nyumba. Mimi nilijifunza kusoma kwenye sakafu hiyo.

#20 Ng'ambo_Unguja

Hakuna wa kukutukana hapa, ndugu. Uliyosema ni kweli tupu.

#21 Mwanasheria_Katuba

Nijibu upande wa sheria, kwa ufupi.

Tangu sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ardhi yote ni ya Serikali. Mwenye nyumba ana haki ya kutumia ardhi, na jengo ndilo lake. Haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili, kile watu wanakiita setifika, na miaka 2 ikipita tangu kitolewe ni vigumu mno kukipinga. Kwa hiyo @Mjukuu_wa_Mpishi, miaka ya nkambo wako katika boyeri haitakupa haki ya kuzuia kama mmiliki. Samahani kusema hivyo.

Njia iliyopo ni sheria ya mali za utamaduni, ordonansi-sheria nambari 71-016 ya 15 Machi 1971, sheria yetu ya kwanza ya kulinda majengo. Nyumba ikiainishwa kuwa ya kulindwa, kuibomoa au kuibadilisha kunahitaji ruhusa. Andika barua kwa idara ya utamaduni ya mkoa, nakala kwa Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi, nakala kwa komini. Ambatanisha picha, vipimo, historia. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri ndio roho ya barua.

#22 Treni_ya_Sakania

Masahihisho kidogo, maître: si ya kwanza. Kulikuwa na dekreti ya 16 Agosti 1939 ya kulinda mahali, makaburi ya kumbukumbu na kazi za sanaa za wenyeji.

#23 Mwanasheria_Katuba

@Treni_ya_Sakania, ni kweli, asante. Niseme basi ya kwanza baada ya uhuru.

#24 Kapata_Leo

Barua itafika wakati gorofa lina vioo. Angalieni Maison Brouwez, njia ya Luano, ambako Lumumba, Mpolo na Okito walishikiliwa na kupigwa tarehe 17 Januari 1961 kabla ya kuuawa usiku uleule. Nyumba ile dunia nzima inaijua. Hii ya dada ina nini? Nani mkubwa alilala humo?

#25 Mjukuu_wa_Mpishi

@Kapata_Leo, alilala mtu aliyeamka saa kumi alfajiri miaka 30 kuwasha jiko la kuni ili wengine wakute kahawa ya moto. Kwangu anatosha.

Wala sijasema tusahau nyumba ya Lumumba. Lakini mji haukujengwa na watu watano. Matofali yale yalichomwa na nani? Kuna mtu alichimba kichuguu, kuna mtu alikanyaga udongo kwa miguu, kuna mwanamke alileta maji. Majina yao hayako kwenye barua ya mtu yeyote. Kilichobaki cha mikono yao ni kuta.

#26 Bukavu_Nguba

Salamu kutoka ziwani. Sisi tuna nyumba zile za miaka ya 1930 hadi 50 zenye pembe za mviringo na madirisha kama ya meli, tangu mji ukiitwa Costermansville. Tetemeko la 3 Februari 2008 lilipasua nyingi, na tulichokiona ni kwamba ule upande ulioongezwa baadaye ndio ulioachana na nyumba, palepale kwenye maungio. Dada, tafuta nyufa. Ufa ulionyooka kutoka juu mpaka chini unakuonyesha mahali nyumba moja inaisha na nyingine inaanza.

#27 Makomeno_B

Mimi ni mtoto wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, nimekulia Makomeno. Kwetu kila nyumba ilikuwa na namba, na ukarabati ulikuwa kazi ya kampuni: bomba likivuja unaandika karatasi, fundi anakuja. 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa mpango wa hiari, watu walibaki na nyumba bila fundi. Baba alikuwa injinia, hakujua kubadilisha bati. Nadhani shida ya nyumba hizi imeanzia hapo. Zilijengwa zikitegemea kwamba kuna mtu mwingine wa kuzitunza.

Halafu naomba tuache neno "boyeri". Linaumiza. Tuseme nyumba ya nyuma.

#28 Muzee_wa_Kamalondo

Mutoto, ukiondoa neno, nani atajua nini ilikuwa mule? Chumba kimoja, mita tatu kwa mita tatu, dirisha kidogo juu, familia ya batu saba. Liache neno.

#29 Mjukuu_wa_Mpishi

Nyumbani tulilisema bila aibu, "twende boyeri". Lakini nkambo hakulisema hata siku moja. Yeye alisema "kwangu". Kwa hiyo wote wawili mna haki, na mimi sijui.

#30 FundiTofali

Dada amepata ruhusa kwa mmoja wa wenye nyumba, na leo Jumamosi tumeingia watatu: yeye, mimi, na kijana wa usanifu majengo mwenye mita ya leza. Naandika nikiwa bado na vumbi.

Kuta za katikati ni chokaa. Ufunguo umeingia kama kwenye jibini. Vyumba viwili vya mashariki na gareji ni sementi, na ufa alioutaja @Bukavu_Nguba upo palepale, umenyooka kutoka dari mpaka sakafu, kidole kinaingia. Kwa hiyo nyumba ni mbili. Ya katikati ni ya zamani, ya mashariki ni ya baadaye sana, labda 1950 kama @Kapata_Leo anavyotaka. Kila mtu achukue kipande chake.

Boyeri tulidhani ni ya mwisho kujengwa. Sivyo. Nayo ni chokaa, tofali lilelile, ukubwa uleule, zambarau ileile.

Kisha paa. Upande walipotoa bati, boriti zimebaki wazi, na kila moja ina namba ya Kirumi iliyochongwa kwa patasi kwenye maungio: IIII, V, VI. Na V inakutana na V, VI na VI.

#31 Treni_ya_Sakania

Namba! Sasa nimeelewa. Paa hilo lilikatwa kwingine, likaandikwa namba, likapakiwa kwenye treni na kuunganishwa hapa. 1911, 1912. Nasimama hapo.

#32 FundiTofali

Polepole. Mimi mwenyewe naandika namba kwenye boriti zangu. Unakata chini, unajaribu chini, unaandika, unapandisha juu. Kila seremala aliyefunzwa vizuri anafanya hivyo. Na boriti hizi zinanukia mulombwa, mti wa hapa. Sina hakika, zina moshi wa miaka, lakini rangi ya ndani ni nyekundu.

#33 Kariakoo_Kwetu

Na reli? Mmesimama barzani mkatazama? Mimi bado niko kwenye "inatazama".

#34 Mjukuu_wa_Mpishi

@Kariakoo_Kwetu, nimetazama kwa ajili yako. Upande ule leo kuna ghala, huwezi kuona kitu. Lakini kijana wa vipimo anasema mlango wa mbele umegeuzwa kidogo, haukufuata barabara kama nyumba za jirani. Unaelekea kusini-mashariki. Kwa nini, hatujui. Jua la asubuhi? Reli? Au barabara haikuwepo bado?

Niseme jingine. Leo nimeingia kwa mlango huo wa mbele mara ya kwanza maishani. Miaka 11 niliishi pale, tulipita nyuma daima, hata wazungu walipokuwa wameshaondoka zamani. Hakuna aliyetukataza. Kitasa ni cha shaba nyeupe, kipo chini kuliko nilivyodhani.

Kwenye ukuta wa boyeri, ndani, nyuma ya mahali palipokuwa kitanda cha nkambo, plasta imeanguka. Kuna tofali lenye alama ya mguu wa mtoto. Vidole vitano na kisigino, vimezama wakati udongo ukiwa mbichi, kabla ya kuchomwa. Mguu wa mtoto wa miaka mitatu au minne, aliyekimbia juu ya matofali yaliyoanikwa. Nimeweka kiganja changu juu yake, haukunijaza kiganja. Mlinzi akasema, "Mama, lichukue, litatupwa tu." Limelegea, lingetoka kwa mkono. Nimelisukuma ndani, na fundi ameliwekea kipande cha tofali chini lisianguke.

#35 Mrithi_wa_Nane

Ukitaka, nitakuja kukusaidia kuandika barua ile. Najua lugha ambayo wenye nyumba wanaisikia. Waulize kama wangekubali gorofa lijengwe upande wa mashariki tu, pale penye gareji, penye sementi. Parseli hizo ni kubwa. Sisi hakuna aliyetuuliza hivyo.

#36 Mwanasheria_Katuba

Hilo ni wazo zuri kuliko la kwangu. Jaribuni yote mawili, lakini barua iende Jumatatu asubuhi. Andikeni "boyeri na nyumba kuu", zote mbili kwa jina, la sivyo watalinda moja wabomoe nyingine. Na picha za tofali lile ziwe na rula pembeni.

#37 Muzee_wa_Kamalondo

Mjukuu, Jumatatu miye pia nitakuja, mutoto wangu atanileta na pikipiki. Nataka kuona zile namba ku boriti. Mu atelier ya BCK ba seremala balikuwa na namna yao ya kuandika ine: bengine IIII, bengine IV. Baba alinionyesha. Usiache batu baguse paa mbele nifike.

#38 Kariakoo_Kwetu

"Mbele nifike". Sasa hiyo nimeielewa, mzee.